Sensa ya NPT haiingii kwenye nati ya BSP
Umeuliza kama sensa yenye nyuzi za NPT (kiwango cha Marekani) itaingia kwenye nati ya BSP (kiwango cha Uingereza) kwenye bomba la hewa ya injini. Hapana, hazioani. Sensa ya joto la hewa ya GM (General Motors), ile ya ncha wazi, kwa kawaida ni NPT ya inchi 3/8, na nati uliyochomelea kwenye bomba ni BSP 3/8. Inashika mizunguko ya mwanzo, ndiyo maana wengi wanadhani imekubali. Lakini NPT ina nyuzi 18 kwa inchi kwa pembe ya digrii 60, BSP ina 19 kwa digrii 55. Ukilazimisha, aluminiamu inachubuka, na kama ni baada ya turbo hewa itavuja hapo hapo.

Badilisha nati. Tafadhali usikate nyuzi kwenye bomba lenyewe: uzi mmoja wa NPT 3/8 unachukua karibu milimita 1.4, kwa hiyo bomba la milimita 2 linabaki na mzunguko mmoja tu wa kushikilia.

Ukitumia Bosch NTC M12 (sensa nyingine ya joto), hiyo ni M12x1.5 (kipenyo milimita 12, uzi kila milimita 1.5), nyuzi sambamba, nati nyingine kabisa. Pima sensa uliyonayo mkononi kwa kaliper na kipimo cha nyuzi kabla ya kununua.