Mashine pepe imegoma kuinstoli? Maswali yenu wiki hii

Meseji za VirtualBox (programu ya kutengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta yako) zimejaa, nahisi vyuo vimefungua na watu wameambiwa kesho mje na Linux. Zinazofanana nimeziunganisha.

Kaka mambo, laptopu yangu ni HP ram 8, nimedanlodi Ubuntu (aina ya Linux) ya 64 bit lakini nikitaka kutengeneza mashine naona 32 bit tu. Fundi mmoja mtaani kaniambia laptopu imepitwa na wakati ninunue nyingine.

Usinunue kitu! Prosesa yako karibu hakika ina uwezo wa kuendesha mashine pepe ya 64 bit (virtualization), ila umezimwa kwenye bayosi, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, mashine nyingi tu zinakuja hivyo. Kwanza fungua Task Manager, nenda Performance kisha CPU, angalia palipoandikwa Virtualization. Ikiwa Disabled, zima laptopu, iwashe huku unagonga F10 (wenye Dell ni F2), ukishaingia bayosi tafuta Intel Virtualization Technology, wenye AMD wao huikuta kwa jina la SVM Mode, iwashe, sevu, toka. Dakika tano, na hela yako imebaki mfukoni.

Sasa kama pale pameandikwa Enabled na bado inasumbua, mchawi ni Windows yenyewe. Kuna kitu kinaitwa Hyper-V, mfumo wa Windows wa mashine pepe, hicho kikiwa kimewashwa kinaishika prosesa kwanza halafu VirtualBox inabaki kuomba. VirtualBox za zamani zinakunyima 64 bit kabisa, kuanzia 6.0 zinakubali lakini kwa mwendo wa konokono, na utaijua kwa kipicha cha kobe wa kijani pale chini kulia kwenye dirisha la mashine (sijui nani aliwaza kuweka kobe ila kwa kweli kapatia). Fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) kama admin, andika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, kisha restati. Kobe akiwa bado yupo, ingia Windows Security, Core Isolation, zima Memory Integrity, hiyo ni ulinzi kwahiyo ukimaliza kazi yako irudishe. Na wanaotumia Docker au WSL2 msije kunilaumu, zitagoma hadi urudie amri ile ile ukiweka auto badala ya off.

Nikiistati inaleta maandishi meupe "No bootable medium found" basi inakufa hapo.

Haijafa dada, haijaona pa kuanzia tu. Umetengeneza kompyuta mpya yenye diski tupu halafu hujaiwekea CD. Nenda Settings, Storage, bonyeza kale kadude ka CD palipoandikwa Empty, chagua faili lako la ISO (lile la Linux ulilodanlodi, ndo CD yenyewe). Ukiliweka na bado iko vile vile, cheki kama faili limeshuka lote maana bando likikata katikati unabaki na nusu ISO. Kwenye CMD andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, linganisha na namba iliyopo kwenye tovuti uliyodanlodi, herufi moja ikitofautiana shusha upya.

Naomba msaada, Ubuntu nimeinstoli mara TATU, ikimaliza ikarestati inanirudisha mwanzo kuinstoli tena!!

Pole, nimecheka kidogo. Mara ya kwanza tu ilikuwa imeshaingia vizuri, wewe CD hukuitoa. Ile sentensi inayokuja mwishoni kukuambia utoe CD ndo ubonyeze Enter watu wengi huipita kama tangazo. Toa ISO kule kule kwenye Storage, washa. Windows nayo ina mtego wake, ikirestati inasema bonyeza kitufe chochote, wewe usiguse kitu.

Batani ya kuendelea haionekani, dirisha limezidi skrini.

Bonyeza Alt na F7, sogeza dirisha kwa mishale hadi batani itokee. Ukimaliza weka Guest Additions (nyongeza ya VirtualBox inayoingia ndani ya mashine pepe), skrini itakaa sawa.

Windows 11 inaniambia PC hii haiwezi. Laptopu ina ram 4.

Hapa sikudanganyi. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), diski ya GB 64 na ram 4 zake peke yake. TPM na Secure Boot unavipata ukiwa na VirtualBox 7.0 kwenda juu, iliyotoka 2022, ila hiyo ram 4 ndo yote uliyonayo na laptopu yenyewe inaila, utampa nani umnyime nani? Kuna njia za kurukisha ukaguzi na itaingia kweli, halafu utasubiri menyu ifunguke hadi chai ipoe. Ongeza ram kwanza, au kama unataka kujifunza tu weka Lubuntu (Ubuntu nyepesi), ipe GB 1 na nusu, utafanya kazi.

Mimi natumia Mac ya M1.

M1 ni prosesa ya ARM, kama ISO yako ni ya Intel haitawaka humo. Tafuta iliyoandikwa ARM64, tumia UTM, programu ya mashine pepe ya Mac, ni ya bure.