Kuhusu hilo la kuhama dirisha dogo

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma jana usiku. Timu imepanda Ligi Kuu, kikosi chote vijana, mnapigwa karibu kila wiki, na sasa kuna watu wa timu nyingine wanakutaka dirisha dogo, huu usajili wa katikati ya msimu. Unauliza uondoke au ubaki kwenye timu ambayo huenda ikashuka.

Mechi yenu ya mwisho ya nyumbani nilikuja, nikakaa mzunguko, kwenye viti vya bei rahisi. Mlifungwa mbili bila. Macho yangu yalikuwa kwa yule beki wenu wa kati, mdogo kuliko wote. Alinyang'anywa mpira mbele ya boksi akitafuta pasi, likaingia la kwanza. Kocha hakumtoa. Muda si muda kipa kaushika mpira, na yule kijana akajitenga pembeni, akanyoosha mkono kuuomba. Akapewa. Akapiga pasi ileile kwa kiungo, safari hii ikafika. Mwanangu, uwanja mzima walikuwa wanamzomea! Beki mwoga angejificha, na kocha mwoga angemwambia abutue mbele. Kwangu mimi hapo ndipo timu changa inapopimwa.

Bao la pili lilikuwa la kona, dakika za lala salama, kila mtu amesimama anamwangalia mwenzake. Hilo linaudhi lakini lina dawa. Kikosi chenu ni chembamba, mnasafiri kwa basi usiku kucha, miguu inaisha mapema. Kukaba kona kunafundishwa mazoezini, pumzi inajengwa. Moyo wa kuomba mpira baada ya kukosea ni mgumu zaidi kuupata, na ninyi mnao.

Wakumbuke Azam: walipanda Ligi Kuu 2008, na ubingwa waliupata msimu wao wa sita. Walimaliza wa pili 2012, wakawa wa pili tena 2013, ndipo 2014 wakabeba kombe bila kupoteza mechi hata moja. Tangu Mtibwa Sugar waliotwaa 1999 na 2000, kombe lilikuwa linazunguka Simba na Yanga tu. Utasema Azam wana pesa za tajiri Bakhresa, mwenye timu, na ni kweli. Ila pesa ile iliwanunulia kitu ambacho ninyi hamna bado, nacho ni muda. Mshambuliaji wao John Bocco alikuwa nao tangu siku za mwanzo, akakaa hadi 2017 alipokwenda Simba. Watu walizoeana.

Tazama na Mbeya City. Walipanda msimu huohuo ambao Azam walichukua ubingwa, timu ya halmashauri ya jiji, wachezaji wasiojulikana, wakamaliza nafasi ya tatu. Nchi nzima ilikuwa inawazungumzia. Mwaka 2015 Deus Kaseke akaenda Yanga, na kabla mwaka haujaisha kocha Juma Mwambusi naye akaenda hukohuko kuwa msaidizi. Siwalaumu, mpira ni kazi. Lakini miaka michache baadaye Mbeya City walikuwa wanapigania kutoshuka daraja. Ndiyo maana nafasi yenu kwenye msimamo hainitishi kama kuona nusu ya kikosi inaondoka Januari.

Kwa hiyo jibu langu: baki hadi mwisho wa msimu. Wanaokutaka wana viungo watatu wa nafasi yako, wote wazoefu, na wewe unahitaji dakika za kucheza kuliko unavyohitaji jina. Huko kwenu unaanza kila mechi, unakosea, unarekebishwa, unapangwa tena. Kijana wa umri wako hapati hilo kila mahali.

Lina sharti lakini. Mshahara ukichelewa mwezi mmoja, vumilia. Ikifika miezi miwili na viongozi hawapokei simu, basi usimhurumie mtu, ondoka, kwa sababu timu isiyolipa vijana wake haiwajengi. Na kocha akifukuzwa, nipigie siku hiyohiyo tuzungumze upya.

Hao waliokufuata wajibu kwa heshima, usiwafungie mlango, na usisaini karatasi yoyote, hata ile wanayoiita ya makubaliano ya awali. Nitumie picha ya mkataba wako wa sasa, kurasa zote, nataka nisome kipengele cha kuuvunja. Mama yako anakusalimu, anauliza kifundo cha mguu kinaendeleaje.

Baba yako