Meza ya uani yenye jiko la nyama choma: mbao haitaki kugusana na chuma

Msomaji ameniletea picha ya meza ya mninga, mpya kabisa, imeungua ukingo mzima kuzunguka jiko. Anauliza apake vanishi gani ili mbao isiungue tena. Jibu ni fupi: hakuna vanishi ya hivyo. Fundi wake alitoboa mbao, akatengeneza boksi la chuma lenye mdomo, akaliegemeza mdomo huo juu ya mbao kama sufuria kwenye jiko. Ni kosa lile lile ambalo limeshasemwa hapa mpaka limechuja, na mafundi wanaendelea kulifanya kwa sababu siku ya kwanza meza hupendeza.

Mkaa uliokolea hupita nyuzi joto 600. Mbao huanza kugeuka mkaa kwenye nyuzi 250 hivi, na mbao inayopashwa joto kila Jumamosi huzidi kukauka, ikaungua kwa joto dogo zaidi kuliko ilipokuwa mpya. Kwa hiyo usidanganyike na meza iliyopita salama mara tatu za mwanzo. Kinachookoa mbao ni hewa inayopita, basi. Maboksi mawili, moja ndani ya jingine, na mwanya kila upande.

Tuanze na vipimo, maana hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Meza ya urefu wa sentimita 180, upana kama 108, kimo 75. Juu zinakaa mbao saba za inchi 1 kwa 6, mwanya wa milimita 5 kati yake. Mbao nne za pembeni, mbili kila upande, zinabaki nzima. Tatu za katikati zinakatwa vipande vya sentimita 49, kila ncha ya meza vitatu, na katikati linabaki tundu la sentimita 82 kwa 46 hivi. Huna haja ya kupasua mbao kwa urefu hata moja. Mbao mbili za futi 12 zinatoa zile nne ndefu, ya tatu inatoa vipande vyote sita. Mguu ni 4 kwa 4, na mbao moja ya futi 12 inatosha miguu minne ya sentimita 72 na nusu. Fremu ni 2 kwa 4 zilizosimamishwa: mbili ndefu za sentimita 160, nne za kukatisha za sentimita 88. Hizo nazo ni mbao mbili za futi 12. Jumla mbao sita. Fundi akikuandikia kumi, muulize nne ni za nini.

Angalizo: 1 kwa 6 ikishapigwa randa haibaki sentimita 15, inabaki 14 na ushee. Pima mbao uliyonayo, kisha ndipo umpe fundi wa kuchomelea vipimo vya boksi, siyo kinyume chake.

Mbao mbili kati ya zile nne za kukatisha zinakaa kwenye ncha za meza. Mbili nyingine zinakaa kando ya tundu, zimerudi nyuma sentimita 2 kutoka ukingoni, ili zibebe ncha za vipande vifupi na pia zibebe jiko. Ubavuni mwa tundu, chini ya mbao mbili nzima za kila upande, unganisha kwa kipande kifupi cha 2 kwa 2 kinachozishika pamoja, la sivyo mtu akiegemea kiwiko mbao ya ndani itabonyea.

Aina ya mbao: msaji au mvule kama meza italala nje, mninga kama kuna paa. Paini ya Mafinga inafaa kwa fremu ikiwa imetiwa dawa, ila kwa mbao za juu naikataa, utomvu wake hutoka ukipashwa joto na kushika sahani. Mbao yoyote iwe imekauka. Mbao mbichi kando ya jiko itapinda ndani ya wiki mbili, na hapo fundi atasema ni mvua.

Sasa chuma. Boksi la ndani, lile la mkaa, ni shiti nyeusi ya milimita 3: urefu sentimita 65, upana 30, kina 20. Uzito wake ni kilo 13 na kitu, watu wawili wanalinyanyua bila shida. Boksi la nje ni milimita 1.5, sentimita 75 kwa 40, kimo 24, halina kitako. Mzunguko wake ni sentimita 230, na shiti ya futi 8 ina 244, kwa hiyo ni ukanda mmoja tu unaokunjwa kona tatu na kuchomelewa ya nne. Ndani yake, sentimita 20 kutoka juu, chomelea vyuma bapa viwili vinavyokatisha. Boksi la mkaa linakaa juu ya hivyo, halichomelewi. Weka vipande vinne vidogo vya nondo vya kulizuia lisiteleze, libaki katikati na sentimita 5 za hewa kila upande. Kati ya boksi la nje na mbao zinabaki kama sentimita 3 nyingine. Hewa baridi inaingia chini, inapanda kwenye mianya yote miwili, inatoka na joto. Ukiziba mwanya wa juu kwa urembo, umeua mfumo mzima.

Na hapa wateja huanza kulalamika kwamba uma utadondoka kwenye mwanya. Ni kweli, utadondoka. Acha udondoke. Mwanya wa ndani unaweza kuufunika kwa fremu ya bati jeusi yenye matundu ya milimita 10 kila sentimita 3, iliyolala tu juu ya kingo za maboksi mawili. Ule wa kando ya mbao uache wazi.

Jiko linashikwaje bila kugusa mbao za juu? Kila ubavu mrefu wa boksi la nje chomelea engo (chuma cha pembe, chenye mabawa mawili kama herufi L) ya urefu wa mita 1, bawa lake la juu liwe sentimita 13 na nusu chini ya mdomo wa boksi. Ncha za engo zinapita chini ya zile 2 kwa 4 mbili za kando ya tundu na kufungwa kwa bolti za milimita 10, ndefu sentimita 12, moja kila ncha. Ukipima vizuri mdomo wa boksi unasimama sentimita 1 juu ya meza, na maji ya kufutia hayaingii. Bolti hizi ziingizwe kabla ya kupiga mbao za juu, vichwa vikizamishwa ndani ya 2 kwa 4, nati zibaki chini. Wanaosahau hili huishia kung'oa meza. Usitumie skrubu hapo. Jiko lina kilo 30 na mkaa wake, na linaning'inia.

Ndani ya boksi la mkaa, hesabu ya kina ndiyo hii: sentimita 4 za majivu, kisha chekeche la nondo za milimita 10 zilizoachana sentimita 2, kisha mkaa sentimita 6, kisha sentimita 10 mpaka kwenye nyama. Ukipunguza hizo 10, nje inaungua na ndani inabaki damu. Ukiongeza sana, unakausha nyama kwa masaa. Matundu ya hewa ni sita ya milimita 12 kwenye kila ubavu mfupi, chini ya chekeche. Pande ndefu zisitobolewe, kwa sababu huko ndiko magoti ya watu yalipo. Droo ya majivu siipendekezi. Bati lake hupinda kwa joto, linakwama, na siku likichomoka linamwaga makaa miguuni. Majivu yamwage kwa kunyanyua boksi kesho yake.

Wavu wa nyama uwe wa chuma laini cha milimita 6, stenlesi ukimudu. Nondo ya ujenzi ina mikunjo inayoshika mafuta na kutu, haifai kugusa chakula. Na mabati ya kuezekea, au bomba lolote lililopakwa zinki, yasikaribie moto huu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na mvuke wake ukivutwa humlaza mtu na homa na kutetemeka. Fundi wa kuchomelea mwenyewe analijua hilo, muulize kwa nini hunywa maziwa akichomelea mabati (maziwa hayasaidii, lakini homa ni ya kweli). Rangi ya mafuta nayo usipake kwenye boksi la ndani. Lisugue mafuta ya kupikia, liwashe tupu kwa saa nzima, lipoe, sugua tena.

Jaribio kabla ya kumlipa fundi: jaza mkaa, kama nusu debe na ziada kidogo, uache uwake saa 1. Weka kiganja kwenye ukingo wa mbao. Kama huwezi kukiacha hapo sekunde tano, kuna mahali pameziba au boksi limesogea. Litafutwe siku hiyo hiyo.

Mahali pa kuiweka: nje, palipo wazi. Chini ya banda la makuti hapana, cheche moja inatosha. Kwenye baraza lililofungwa kwa vioo pia hapana, kwa sababu mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hawapati nafasi ya kushtuka.

Kuzima ni kwa kufunika kwa shiti ya chuma, siyo kwa maji. Maji hupindisha boksi na kurusha majivu ya moto usoni, na majivu yakishalowa hukaa yakila kitako, hasa ukanda wa pwani ambako chumvi imo hewani tayari. Kile kifuniko cha mbao kinachoifanya meza ionekane haina jiko, kitengenezeni tu, ni kizuri. Kinawekwa asubuhi inayofuata, baada ya kuingiza mkono ndani ya majivu na kukuta yamepoa.