Kifaranga amekwama kwenye ganda: maswali ya wafugaji

Yai lilitoboka jana saa tisa alasiri. Sasa ni saa mbili asubuhi, kifaranga bado yumo ndani analia. Nimtoe?

Bado. Hizo ni saa 17 tu. Tangu tundu la kwanza hadi kutoka, kifaranga wa kuku huchukua kama saa 12 hadi 24, na muda mwingi huonekana amelala tu. Kumbe damu iliyo kwenye utando wa ndani ya ganda inarudi mwilini, na kiini kilichobaki kinaingia tumboni kupitia kitovu. Ukimtoa sasa atavuja damu, au atatoka kiini kikining'inia. Kulia ni dalili njema. Funga mashine ya kutotolesha: kila unapochungulia, unyevu unatoka na tando za mayai mengine zinakauka.

Nitajuaje amekwama kweli?

Saa 24 zimepita na tundu halijaongezeka. Au ameanza kukata ganda kwa mzunguko, akaacha kwa saa kadhaa, na utando umegeuka kahawia, mkavu kama karatasi. Utando ukiwa mweupe na wenye unyevu, mwache. Aliyetoboa upande mwembamba wa yai amekaa vibaya, kichwa kiko mbali na chumba cha hewa kilicho upande mnene. Huyo mfuatilie kwa karibu zaidi.

Namsaidiaje bila kumuua?

Nawa mikono, andaa kibano, vijiti vya pamba na maji ya uvuguvugu. Anzia kwenye tundu, bandua ganda vipande vidogo vidogo kuuzunguka upande mnene, bila kuchana utando. Ulowanishe utando kwa kijiti cha pamba; ukilowa unang'aa na mishipa inaonekana. Maji yasiingie puani.

Ukiona mishipa myekundu, acha hapo hapo. Damu ikichuruzika, gandamiza taratibu kwa pamba kavu hadi ikome, mrudishe mashineni, usimguse kwa saa tatu au nne. Mishipa ikishapotea, fungua utando kuanzia mdomoni, kisha kichwani. Nusu ya chini ya ganda muachie. Ajisukume mwenyewe, maana kitovu kiko huko. Kazi hii huchukua nusu siku. Wenye haraka ndio wanaoua.

Ametoka, lakini kitovuni kuna uzi. Nikate?

Usikate wala usivute. Uzi utakauka na kudondoka wenyewe. Kama ni kiini kilichobaki nje, mweke kwenye kibakuli chenye karatasi laini iliyoloweshwa, ndani ya mashine, ili asitambae. Paka povidoni-ayodini, dawa ya kuua vijidudu, kitovuni.

Miguu imetanuka, hawezi kusimama.

Ondoa gazeti, linateleza. Tandika gunia safi. Unganisha miguu kwa kipande chembamba cha plasta, iachane kwa upana wa nyonga zake, ili aweze kusimama na kupiga hatua ndogo. Kagua kila siku kama plasta inabana; kwa kawaida siku 2 hadi 4 zinatosha ukianza mapema. Ukingoja wiki, ni vigumu kunyooka.

Ale lini?

Kiini kilichoingia tumboni kinaweza kumtosha hadi siku mbili au tatu. Akauke kwanza, kisha ahamie bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, yenye nyuzi 32 hadi 35. Mchovye ncha ya mdomo kwenye maji, ajifunze kunywa.

Kila awamu mayai kadhaa hukwama. Kosa liko wapi?

Mara nyingi ni unyevu. Mashine yenye feni iwe na joto la nyuzi 37.5, unyevu asilimia 45 hadi 55 mpaka siku ya 18. Hapo acha kugeuza mayai, upandishe unyevu hadi 65 au 70, na usifungue tena. Wengi hujaza maji tangu siku ya kwanza wakidhani wanasaidia: yai halipungui uzito, chumba cha hewa kinabaki kidogo, na kifaranga anakosa nafasi ya kugeuka na hewa ya kupumua. Pima kwa mizani ya jikoni. Yai la gramu 60 likifika siku ya 18 linapaswa kuwa karibu gramu 53.