Kwa vijana wa Moshi mnaowasindikiza wageni Zanzibar

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuongoza watalii, mlima mmeshauzoea. Mgeni akianza kuyumba na kutapika pale kambi ya Barafu, dawa ni kumshusha, hata iwe saa nane usiku. Shida huja kampuni inapokutuma uende nao mapumzikoni Zanzibar. Huko hatari ni tsunami, yale mawimbi makubwa yanayosukumwa na tetemeko la chini ya bahari, na dawa yake ni kupanda; na sisi tuliokulia Kibosho na Marangu bahari hatuijui.

Asubuhi yangu ya kwanza Paje niliamka nikakuta maji hayapo. Mchanga mtupu, mpaka kule mbali mawimbi yanakovunjikia mwambani. Nilishasikia kwamba bahari ikirudi nyuma tsunami inakuja, basi nikaanza kugonga milango ya wageni. Mama mmoja aliyekuwa akienda kwenye mwani wake akanitazama, akacheka: “Mwanangu, maji yamekupwa tu. Mchana yatajaa.” Wageni walinitania mpaka uwanja wa ndege.

Kwa hiyo ukifika, kabla hata ya kugawa vyumba, muulize mvuvi maji yanakupwa na kujaa wakati gani, na kama ni bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Kupwa kwa kawaida huenda taratibu kwa takriban saa sita. Yakikimbia ndani ya dakika chache, au yakipanda ghafla nje ya wakati wake, hapo usimuulize mtu. Mabegi yaachwe, ondokeni ufukweni mwelekee ndani ya kisiwa, palipoinuka. Paje ni tambarare. Kilima kikikosekana, ghorofa ya tatu au zaidi ya jengo imara la zege inafaa. Jengo hilo litafute siku ya kwanza, maana hoteli nyingi za ufukweni ni za makuti. Ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, fanya hivyo hivyo bila kungoja tangazo.

Ila kwa pwani yetu usitegemee kutikiswa. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilipiga Sumatra karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, na maji yakafika huku mchana. Tanzania walikufa watu wasiopungua kumi, wengi wakiwa wanaogelea Dar es Salaam. Somalia karibu 300. Muda wa kuwatoa majini ulikuwepo, ujumbe ndio haukuwepo, kwa sababu Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari. Sasa upo, na kwetu taarifa hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Simu yako isiishiwe chaji, hata kama wageni wamelala.

Mkishapanda, mgeni atataka kurudi kufuata pasipoti. Mzuie. Mawimbi huja kwa mfululizo, pengine yakipishana hata saa nzima, na la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko mengine. Teremkeni mamlaka zikishatangaza kuwa ni salama.

Na kama mko kwenye boti karibu na kisiwa cha Mnemba, tahadhari ikitolewa na nahodha akageuza kuelekea kwenye kina, usimlazimishe akurudishe ufukweni. Kule wimbi hupita chini ya chombo bila hata kumwaga chai.