Usiandike mwaka kwenye mada kabla hujaishika faili ya mwaka huo

Mwalimu, salamu tutapeana baadaye. Kwanza futa hiyo "1895–1902" kwenye mada yako.

Umesema umepata nafasi ya uzamifu wa historia, unaanza Septemba, na mada yako ni Vita vya Chetambe, vile vya Waingereza na Wabukusu mwaka 1895, na kusimikwa kwa utawala wa Waingereza magharibi mwa Kenya. Umeuliza mambo manne: uombe likizo ya masomo au uendelee kufundisha, msimamizi umchagueje, kozi za muhula wa kwanza zina uzito gani, na ununue laptopu ipi. Hayo nitayafikia. Kilichonikosesha usingizi ni ile sentensi uliyoipachika mwishoni kama jambo dogo, kwamba umeshauriwa umalize pendekezo la utafiti mwaka wa kwanza, makavazi uyaache hadi mwaka wa pili, kwa sababu "kila kitu kipo Nairobi."

Nani amekuambia hivyo? Kama ni yule ninayemdhania, mwambie bado namdai.

Hakipo Nairobi. Mwaka 1895 Bungoma haikuwa Kenya. Mumias haikuwa Kenya, Kisumu haikuwa Kenya, hata Nakuru haikuwa Kenya. Eneo lote hilo lilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda mpaka Aprili 1902, ndipo likahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya. Reli ilipofika Port Florence, Kisumu ya leo, Desemba 1901, ilikuwa imefika Uganda kweli kweli, si kwa jina tu. Sasa jiulize: Hobley, ofisa wa Kiingereza, alipokaa pale Mumias kuanzia 1895, akiandika ripoti za vita dhidi ya Wabukusu, barua alikuwa akimpelekea nani? Wakubwa wake walikuwa Uganda. Nao walikuwa wakiandikia Wizara ya Mambo ya Nje, London, kwa sababu Wizara ya Makoloni ilikuwa bado haijakabidhiwa nchi hizi. Nairobi haikuwamo kwenye njia ya barua hizo. Mwaka huo wa vita Nairobi yenyewe ilikuwa kinamasi tu, hata reli haijafika.

Haya yote unayajua. Unayafundisha. Mimi pia nilikuwa nikiyafundisha kidato cha pili, na wanafunzi wangu waliyapatia alama. Ila siku ya kuandika pendekezo langu sikuyakumbuka hata kidogo, kwa sababu ubaoni yalikuwa jibu la mtihani, hayakuwa maelezo ya faili iko wapi. Cheka tu. Nimeshazoea.

Mada yangu ilikuwa boma la Mumias, miaka ile ile yako. Kuna bwana mmoja, tumwite Daktari maana anapenda kuitwa hivyo hata kwenye matanga, aliyekuwa amemaliza masomo yake muda mrefu kabla yangu. Nikamwendea kwa heshima zote, na kuku wa kienyeji juu. Akaniambia nisihangaike, PC/NZA, yaani faili za mkuu wa mkoa wa Nyanza, iko kamili, nichukue namba za faili kwenye tanbihi za tasnifu za watu, nizipange vizuri kwenye pendekezo, kamati haitauliza zaidi. Alisema kweli kuhusu kamati. Kamati ya idara ilisoma namba zangu kama watu wanavyosikiliza Kilatini kanisani, ikaitikia amina. Mapitio yangu ya maandishi yalikuwa marefu mno, nadharia nimezipachika tatu kama matabaka ya sambusa, muda wa utafiti nimeuchorea jedwali la rangi. Nikapigiwa makofi.

Basi nikakopa sacco. Nikauza mtamba. Nikaomba leseni ya utafiti ya NACOSTI kwa jina la mada hiyo hiyo, ikatoka. Nikapanda basi la usiku, nikashuka Nairobi alfajiri nikiwa na shati la pili kwenye mfuko na kiburi cha mtu aliyepigiwa makofi.

Makavazi ya Taifa unayajua, lile jengo la zamani la Benki ya India pale Moi Avenue ambako watu hupeana miadi. Mkoba unauacha, unaingia na daftari na penseli. Nikaagiza faili zangu za tanbihi. Nyingine zikarudi na alama ya kutoonekana. Nyingine zikaja, nikazifungua kwa mikono inayotetemeka, nikakuta mambo ya pamba na madaraja. Daktari aliandika kuhusu miaka ya 1930, mwalimu! Kwake yeye PC/NZA kweli ilikuwa kamili. Aliona kisima chake kina maji akatangaza kwamba dunia nzima ina maji. Nilichopata kuhusu miaka yangu ni kurasa za maofisa wa baadaye wakisimulia walichosikia kuhusu zamani, yaani uvumi uliopigwa chapa.

Mama mmoja wa chumba cha kusomea, aliyeonekana kuwajua watafiti kama mkunga anavyojua uchungu, akanitazama nikirudisha faili moja baada ya nyingine. Akaniuliza natafuta miaka gani. Nikamwambia. Akasema, "Kijana, huko kwenu si kulikuwa Uganda?"

Kijana! Na hizi mvi kidevuni.

Ungedhani ningekoma hapo. Wapi. Nimeshakopa, nimeshapigiwa makofi, jina la mada limo kwenye leseni. Nikaamua kuifuata Uganda. Kitambulisho cha Kenya kinakuvusha Busia bila shida, lakini hakikufungulii faili. Mtafiti mgeni anatakiwa apitie Baraza la Kitaifa la Sayansi na Teknolojia la huko, na kila hatua ina karatasi zake na gharama zake. Mimi nilitangulia kwenda kuuliza tu, nikafika hadi Entebbe kwa sababu vitabu vyote nilivyosoma vilisema nyaraka zipo Entebbe. Nikaambiwa zilishahamishiwa Kampala, Wandegeya. Nilikuwa nimepita Kampala asubuhi hiyo hiyo. Nyumbani mke wangu alikuwa amelisikia jina hilo mara nyingi kwenye simu hata akaniuliza Entebbe ni binti ya nani.

Upande wa pili wa barua hizo uko Kew, London, kwenye makavazi ya Uingereza, mfululizo wa FO 2 wa Wizara ya Mambo ya Nje. Ukiwa na tiketi ya msomaji unazipiga picha kwa simu yako bure. Kinachokosekana ni nauli tu ya ndege, viza, na mahali pa kulala. Niliandika barua za kuomba ufadhili, nikajibiwa kwa adabu.

Hapo mwaka wa kwanza ulikuwa umekwisha. Karo nimelipa, sacco inakata mshahara, ukurasa wa tasnifu sina. Nilipofikisha pendekezo kwenye kitivo, profesa mmoja mzee hakugusa nadharia zangu. Aliuliza swali moja: "Ukimwondoa Hobley, unabaki na nani?" Kwa sababu Hobley alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1929, na ukweli ni kwamba pendekezo langu lote lilikuwa Hobley aliyevalishwa makoti tofauti. Sikuwa na jibu. Wewe pia utaulizwa, na kwako ni vibaya zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyeongoza upande mmoja wa vita unavyotaka kuvieleza.

Najua utasema utatumia masimulizi ya wazee. Vizuri, Wabukusu wanakumbuka Chetambe na ngome iko pale juu ya Webuye. Lakini fanya hesabu. Profesa Gideon Were alipozunguka Uluhya miaka ya 1960, bado kulikuwa na wazee ambao baba zao walikuwa watu wazima mwaka 1895. Wewe utakutana na vitukuu, na wengi wao wamesoma shuleni kile kile ulichosoma wewe. Utarekodi kitabu cha kiada kikizungumza kwa Kibukusu. Na usitegemee wamisionari wakujazie pengo: Marafiki, yaani Wakweka, walifika Kaimosi mwaka 1902, miaka saba baada ya vita. Sisemi haiwezekani. Ukitaka kuandika jinsi vita hivyo vinavyokumbukwa leo, hiyo ni mada safi na mashahidi wako wako hai. Ila hiyo ni mada nyingine, na miaka yake ni mingine.

Kwa hiyo sikia, na hili ndilo pekee nililolipia kwa pesa yangu: usiandike mwaka wowote kwenye mada kabla hujaishika faili ya mwaka huo. Namba uliyoiona kwenye tanbihi ya mtu haihesabiki, wala mstari wa orodha. Faili yenyewe, umeifungua, umesoma angalau barua tatu zinazojibizana. Fanya hivyo kabla ya Septemba, likizo hii ya Agosti, kabla hujalipa hata senti. Anza karibu: kuna vituo vya nyaraka vya mikoa Kisumu, Kakamega na Nakuru, na nauli ya Kakamega haikuuzishi mtamba.

Ukienda, jua pia kwamba majina yatakuhadaa. Hakuna Mkoa wa Magharibi kabla ya 1963. Kakamega na Bungoma zimo ndani ya Nyanza, na kabla ya wilaya kuitwa Nyanza Kaskazini, iliitwa Kavirondo Kaskazini. Ukitafuta "Bungoma" peke yake utarudi mikono mitupu na kudhani hakuna kitu, kumbe umekalia DC/NN, faili za mkuu wa wilaya hiyo ya Nyanza Kaskazini. Moto wa 1939 Nairobi uliteketeza nyaraka za makao makuu ya serikali, kwa hiyo nakala ya wilaya mara nyingi ndiyo iliyobaki. Na kama mada yako inakaribia uhuru, kuna faili ambazo Waingereza waliondoka nazo. Walikiri mwaka 2011 wakati wazee wa Mau Mau walipowashtaki London, na sasa zinasomeka Kew chini ya FCO 141. Yaani kila kipindi kina shimo lake, na shimo halionekani mpaka uwe umesimama juu yake.

Mimi nilihamia dhahabu ya Kakamega. Nilianzia kwenye faili safari hii, nikakuta wilaya inaandikia mkoa, mkoa unaandikia Nairobi, wazungu wachimbaji wanalalamika, wazee wanalalamika zaidi, na sheria ya ardhi ya 1930 iliyowaahidi Waafrika fidia ya ardhi kwa ardhi inageuzwa Desemba 1932, mara tu dhahabu ilipoonekana. Tume ya Ardhi ya Carter ikapita na kuchukua ushahidi, ukachapishwa mwaka 1934, juzuu tatu nene. Sikulazimika kumwondoa mtu yeyote. Sauti zilikuwa nyingi hadi nikachanganyikiwa. Ndipo nikaandika miaka kwenye mada. Leseni ikanibidi niombe upya. Daktari aliponiona akasema, "Si nilikuambia PC/NZA iko kamili?" Nilitamani kumrudishia lile swali la profesa, lakini tulikuwa matangani.

Maswali yako mengine. Likizo ya masomo omba, ila usiitumie muhula wa kwanza kukaa darasani kusikiliza nadharia. Itunze kwa ajili ya faili. Kozi utapita, mwalimu aliyesahihisha makaratasi ya KCSE hashindwi na insha za wiki mbili. Msimamizi mchague kwa swali hili: mara ya mwisho kuingia makavazi ilikuwa lini? Akianza kukueleza kuhusu kongamano, shukuru, maliza chai, ondoka. Laptopu sijui.

Ukipanga safari ya Kakamega niandikie kwanza siku moja kabla. Nina orodha niliyonakili kwa mkono, miaka ya 1902 hadi 1920, faili nilizozifungua na kuziacha kwa sababu hazikuwa zangu. Kodi ya vibanda imo tele, na machifu wa Wanga waliosimamishwa juu ya Wabukusu wamo pia. Ukikubali kuanzia pale Waingereza walipoanza kuandikia Nairobi, sura ya kwanza unaweza kuwa nayo kabla ya Krismasi, na Chetambe ukamweka kwenye utangulizi.