Mirai ya bei ya kutupa, na maswali mengine ya umeme na haidrojeni

Swali: Ndugu wahariri, kwenye mtandao wa magari ya Japani nimeona Toyota Mirai ya 2016, safi, kilomita chache, na bei yake ni ya kushangaza kwa udogo. Wakala anasema inatumia "gesi tu", kwamba Dar vituo vya CNG vipo na haidrojeni ya mitungi inauzwa kwa wenye viwanda. Niagize? – *Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Jibu: Usiagize. Bei iko chini kwa sababu gari hilo haliendi bila pampu ya haidrojeni yenye presha ya baa 700, na Afrika Mashariki hakuna kituo cha umma chenye pampu hiyo. Ili upate picha: tairi la gari dogo lina baa 2 na ushei, mtungi wa CNG uliojaa una kama baa 200. Tena CNG ni methani, gesi nyingine kabisa. Wakala wako ama hajui anachouza, ama anajua sana.

Mitungi ya viwandani nayo haikufikishi. Mtungi wa lita 50 wenye baa 200 unabeba haidrojeni isiyofika kilo 1, wakati matangi ya Mirai hiyo yanachukua karibu kilo 5. Gesi hutoka penye presha kubwa kwenda penye ndogo. Presha zikilingana, inasimama. Kuipandisha hadi 700 kunataka kompresa maalumu, na ikiingizwa kwa kasi hulipasha tangi moto. Ndiyo maana vituo vya Japani huipoza hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri kabla haijaingia, ili ndani ya tangi joto lisipite nyuzi 85. Fundi wa kuchomelea asiguse kabisa kazi hiyo. Halafu kuna usafi: kiwango cha kimataifa ni asilimia 99.97, na kaboni monoksaidi isizidi chembe 0.2 katika milioni, kwa sababu hung'ang'ania platini iliyomo kwenye seli zinazogeuza haidrojeni kuwa umeme wa kuendesha gari, na gari likaanza kukosa nguvu.

Kuichomeka ukutani pia haiwezekani. Betri yake ni ya nikeli, ya kWh 1.6 hivi, ya kudaka umeme wa breki na kusaidia gari linapoondoka, kama ile ya Prius. Na jambo moja ambalo picha za mtandaoni hazionyeshi: karibu na mdomo wa kujazia kuna kibandiko cha tarehe ya mwisho ya tangi, miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa gari lako ni 2031 au kabla yake kidogo.

Swali: Mimi na shemeji yangu hatuelewani. Yeye anasema haidrojeni inajaa kwa dakika 5, gari la umeme ni usiku kucha, na umeme ukipotea umekwama. Nani kashinda? – *Msomaji, Nakuru*

Jibu: Kwa dakika 5, shemeji kasema kweli. Ila mwulize haidrojeni yake inatoka wapi. Nyingi duniani leo hutolewa kwenye gesi asilia, na hewa ya ukaa inabaki palepale. Ile safi hutengenezwa kwa kupasua maji kwa umeme: kilo 1, pamoja na kuikandamiza, inakula takriban kWh 55. Kilo hiyo inaipeleka Mirai kilomita 100 na kidogo. Sasa chukua kWh 55 hizohizo uzitie kwenye gari la betri. Hata ukitoa sehemu ya kumi inayopotea wakati wa kuchaji, unaenda karibu kilomita 300. Umeme ukipotea, kompresa ya kituo nayo inazima.

Shemeji ana hoja kwenye malori mazito ya safari ndefu, ambako uzito wa betri unakula nafasi ya mzigo. Kwa gari la kumpeleka mtoto shule, hana.

Swali: Volkswagen walidanganya vipimo vya moshi, Nikola wakadanganya lori. Kwa nini niamini kampuni yoyote ya haya magari mapya? – *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Usiamini kampuni, pima kitu. Lakini tutenganishe aina za madhara, maana haziponi kwa dawa moja.

Nikola, kampuni ya Marekani ya malori ya haidrojeni na betri, ni uongo mtupu. Video ya 2018 ilionyesha lori likitembea, kumbe lilikuwa limeachiwa kwenye mteremko. Ripoti ya Hindenburg Research, wachunguzi wa makampuni wa Marekani, ya Septemba 2020 ilifichua; mwanzilishi, Trevor Milton, alitiwa hatiani 2022, akahukumiwa miaka 4 mwaka 2023, akasamehewa na Rais Trump Machi 2025, mwezi mmoja tu baada ya kampuni kuomba kufilisika. Uongo wake hauthibitishi kwamba haidrojeni yenyewe ni uongo.

Mirai ni kisa kingine: gari linafanya kazi kama lilivyoahidiwa. Kilichowaumiza wateja wa California ni pampu. Shell ilifunga vituo vyake vya magari madogo huko Februari 2024, na bei ya kilo kwenye vituo vingine ilikuwa imefika dola 36. Fisker, ya magari ya betri, ilifilisika Juni 2024, na wenye magari wakabaki wakihangaikia vipuri na programu za gari.

Na wapo wadanganyifu wadogo, wa karibu yako zaidi. Nissan Leaf ya mitumba, gari la umeme, huonyesha afya ya betri kwa vistari, 12 ikiwa nzima; kompyuta ya betri ikifutwa kumbukumbu, betri iliyochoka huonyesha 12 vyote kwa muda. Chomeka kifaa cha OBD2 cha kusoma kompyuta ya gari, fungua programu ya simu ya LeafSpy, tazama volti za jozi zote 96 za seli betri ikiwa imebaki kama asilimia 20. Jozi moja ikiachwa nyuma sana na wenzake, betri ina ugonjwa, hata vistari vikisema nini. Kisha panda nalo mlima mrefu. Muuzaji akikataa, umepata jibu.

Kwa pikipiki za kubadilisha betri, swali ni la mkataba: betri ni ya nani, na je, inakubali kuchajiwa nyumbani siku ambayo vibanda vya kampuni vitafungwa?